Barua ya Mkuu wa Jamaa

Mwaka jana tulikutana sita nyumbani kwa Salome, Nairobi, sisi tuliowahi kuvaa sare moja ya ndege, na pilau ilikuwa bado jikoni tulipoanza kuchekana. Magoti yamekwisha, meno ya mbele ya baadhi yetu ni ya kununua, lakini midomo iko palepale. Maneno yaliishia kwa waume, kama kawaida yake. Salome alisema marehemu wake alikuwa "binamu" kwa miaka minne mizima, na kila alipokuja kumpokea uwanjani walipeana mikono kwa adabu mbele ya wasimamizi wa kazi, maana siku zile mwenye mume hakuipata kazi ile kirahisi. Mwingine alisema pete yake ilikaa ndani ya kopo la poda mpaka akasahau ilikuwa ya kidole gani. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kisha Salome akanigeukia na kijiko mkononi. "Na wewe Perpetua, wako ulimficha wapi?" Nikamwambia sikumficha popote. "Acha uongo! Siku zile? Na vile walikuwa wakali?" Nikaanza kueleza, chai ikapoa, na nilipofika nyumbani Etyang, ambaye siku hizi kazi yake kubwa ni kubishana na redio, akasema niandike kabla sijasahau. Sijasahau hata punje. Lakini ameniambia niandike, na mimi ni mke mtiifu pale ninapotaka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini na tulikuwa na miezi minane ya ndoa. Tulikaa Malaba, upande wetu wa mpaka, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Kitanda, meza, jiko la makaa na sanduku la nguo. Ukitaka kufungua mlango wote, ilibidi mmoja wetu apande kitandani. Etyang alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Kila asubuhi alipiga shati pasi juu ya meza ileile tuliyokuwa tumenywea uji, na ole wangu kama palikuwa na tone. Mimi niliandaa meza katika hoteli ya Bi Rukia, mama wa Kiislamu aliyekuwa ametoka Busia mjini na sufuria zake na kufungua mahali pa kula mkabala na foleni ya malori. Siku hizo mpaka ulikuwa ukifungwa bila taarifa. Dereva aliyekuja kunywa chai moja angeweza kukaa siku tatu akila maharagwe na chapati zetu, na mimi nikaokota lugha zao zote, Kiganda cha salamu na matusi, Kinyarwanda kidogo, na Kiarabu cha kuombea dua kutoka kwa Bi Rukia mwenyewe. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne sandukuni, chini ya nguo, na mara nyingine nilikitoa kukitazama tu.

Baada ya msongamano wa mchana Bi Rukia alivua viatu, akaweka miguu juu ya kreti ya soda, nami nikamsomea gazeti la jana. Hakujali habari. Alipenda matangazo, kwa sababu, alisema, habari ni za wakubwa lakini tangazo linamtafuta mtu yeyote. Siku moja nikasoma kwamba shirika la ndege la ng'ambo linatafuta wasichana wa kuhudumia abiria, wenye kidato cha nne, Kiingereza safi na lugha nyingine yoyote, warefu kiasi fulani na wenye tabasamu. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akavaa viatu, akaenda kwa fundi cherehani wa jirani, akarudi na futi na kunisimamisha kwenye mlango wa jikoni. Nilipita kwa kidole kimoja. "Pepetua," akasema, maana jina langu halikuwahi kumkaa ulimini, "hiyo ndege inakuita wewe." Naweza kusema leo kwamba nilifikiri kwanza. Sikufikiri. Nilitaka kazi ile papo hapo, na nilipomwambia Etyang jioni hiyo, akiwa na kipande cha ugali mkononi, hakukirudisha sahanini wala hakukila. Alikishika tu, akinitazama. Kisha akasema, "Lakini utarudi?" Nikasema nitarudi kila likizo. Akala. "Basi jaribu," akasema.

Niliandikia shirika lile na mengine mawili. Walitaka picha ya mwili mzima, tukaenda Busia kwa mpiga picha aliyekuwa na pazia lililochorwa ndege na ngazi yake, na nilipomweleza picha ni ya nini alifurahi kupita kiasi. Nikapigwa nimesimama mbele ya ngazi ya rangi ya mafuta, mkono mmoja hewani, nikiaga watu wasiokuwepo. Nikazituma hivyohivyo. Shirika la kwanza lilijibu kwa mistari miwili kwamba wanachukua wasioolewa tu. La pili likajibu hivyohivyo, ila wao walisema wamesikitika. Nilisoma barua ile ya pili hotelini nimesimama, na madereva wakawa wanangoja supu.

Hapo ndipo kila mtu aliponipa akili. "Wewe dada, hiyo form andika Miss, maneno kwisha," akasema dereva mmoja wa Eldoret. "Kwani hiyo pete imeshonewa kwa kidole?" Bi Rukia akaniambia Mungu anajua moyo. Hata Etyang, ndiyo, Etyang mwenyewe, alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Andika tu Miss, Perpe. Karatasi haiwezi kunitoa hapa." Nilikasirika nikamwaga maji ya kunawa nje kwa nguvu mpaka mwenye duka akapiga kelele. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Lakini nilikuwa nikikaa Malaba. Kila siku niliwaona pale kizuizini watu wenye majina mawili, jina la kitambulisho na jina la mizigo, na sikuwahi kumwona hata mmoja aliyekuwa hatoki jasho. Sikutaka kupanda juu mawinguni halafu nitoke jasho lile kila nikiulizwa habari za nyumbani. Tena nilimpenda yule mtu, na nilimpenda waziwazi. Nikaapa kwamba nitaipata kazi nikiwa mke wa Etyang au nitabaki na sinia zangu kwa Bi Rukia.

Barua ya tatu ilitoka shirika la nchi moja ya Ghuba. Niliifungua kwa kisu cha jikoni. Walinialika Nairobi kwa usaili baada ya wiki tatu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi ambayo mpaka leo naikumbuka. Walioolewa wataruhusiwa kuomba, ilisema, mradi walete idhini ya maandishi kutoka kwa mkuu wa jamaa. Nilipiga kigelegele hotelini. Nikamkimbilia Etyang ofisini kwake, nikamwambia achukue kalamu aandike haraka. Sasa, Etyang ni mtu wa forodha. Aliisoma barua mara tatu, kidole kikifuata mstari, kama anavyosoma hati ya mizigo. "Hii imesema head of the family," akasema. "Si ndiyo wewe?" Akanitazama kana kwamba nimemwambia afungue mpaka mwenyewe. "Mimi? Mimi ni head wa nini, wa hii kitanda? Baba yangu ako hai. Head ni Mzee. Nikiweka sahihi yangu hapa nimesema uongo." Ningeweza kulia. Mume wangu, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa tayari kunifutia ndoa yote kwa neno moja la Miss, sasa hakuweza kuandika mstari mmoja wa ruhusa kwa sababu neno lilikuwa la baba yake. Leo najua kwamba wale wa Ghuba walimaanisha mume tu. Siku ile hakuna mtu yeyote, kuanzia kwetu Nambale hadi mto wa mpakani, ambaye angelisoma neno lile vinginevyo, na mimi mwenyewe, nilipotulia, nilijua Etyang amesema kweli. Mkuu wa jamaa alikuwa baba yake, Mzee Ekirapa, kule kwao Kocholia.

Jumamosi iliyofuata Etyang alinipakia kwenye baiskeli. Mzee Ekirapa alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache, na mimi mke wa mwanawe sikutakiwa kumwekea hoja usoni. Hoja ingewekwa na Etyang, mbele ya wazee, kwenye chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi ya Wateso. Tulimkuta mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Toto, yaani mama kwa Kiteso, jikoni akiponda njugu za kutia kwenye kunde. Alinilisha kwanza, ugali wa wimbi mweusi na mzito, akasikiliza habari yangu yote bila kuinua mchi. Kisha akaenda kwenye moto, akalitwaa birika kubwa la maji ya kuchemka na kunipa. "Leo maji utatia wewe," akasema. "Usimpe mtu mwingine hii birika, hata wakikuonea huruma." Sikumwelewa. Nililichukua tu.

Asiyejua ajon ajue hivi: chungu hukaa katikati, wazee huketi kukizunguka, na kila mmoja ana mrija wake mrefu unaotoka chunguni mpaka mdomoni. Pombe ikipungua mwanamke huongeza maji ya moto. Anapita nyuma ya viti na katikati ya mirija, anapiga magoti, anamimina polepole. Hamwagii mtu. Na haruki mrija wa mzee hata kama umelala chini kabisa. Akiuruka amemtukana mwenyewe. Anasimama, anaomba njia kwa sauti ya chini, anangoja mzee auinue, anapita. Siku ile walikuwa wazee saba ndani ya nyumba ndogo ya duara, magoti kwa magoti, nami na birika langu nikisikia kila neno na kujifanya sisikii.

Etyang aliongea vizuri, lakini alilitaja lile neno la Kiingereza, ea-hostesi, na hapo mambo yakaharibika. "Hosteli?" akauliza mzee mmoja, shemeji yake Mzee Ekirapa. "Bibi ya Etyang anaenda kukaa hosteli?" "Si hosteli, Mzee. Hostesi. Ya ndege." "Sasa ndege iko na hosteli?" Mwingine akasema amewahi kuona hosteli ya wasichana Kakamega, ina ukuta na mlinzi, na hata hivyo wasichana walikuwa wanatoka. Mwingine akataka kujua mlinzi wa hewani anasimama wapi. Jasho lilikuwa likimtiririka Etyang. Mzee Ekirapa alikuwa na mrija mdomoni, macho yameangalia chini. Nilihisi kazi yangu inazama mle chunguni na sina hata ruhusa ya kunyoosha mkono.

"Hebu acha hiyo Kiingereza," akasema hatimaye Mzee Ekirapa. "Sema hiyo kazi yenyewe. Mtu anafanya nini, na mkono yake?" Etyang akavuta pumzi. "Wageni wamekaa kwa mistari, Baba. Mahali ni padogo. Yeye anapita katikati na kitu ya moto. Anawapa kinywaji, anawapa chakula, hamwagii mtu, hakanyagi mtu, na anaongea na wao kwa heshima." Nami wakati huohuo nilikuwa nimepiga magoti pale katikati, nikimimina, birika mikononi, mirija saba imenizunguka. Kichwa kimoja kiliinuka, kisha cha pili, kisha vyote. Shemeji wa Mzee akatoa mrija mdomoni. "Lakini si ndiyo hii anafanya hapa?" akasema. "Na sisi hata hatumwambii asante!" Wakaangua kicheko, na kutoka jikoni nikasikia Toto naye akicheka, peke yake, na hapo ndipo nilipoelewa birika lilikuwa la nini.

Mzee Ekirapa hakucheka. Alingoja wamalize. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mimi nataka kitu moja tu. Huko mbali wakimwuliza yeye ni nani, atasema nini?" Etyang akafungua mdomo, lakini nilikuwa nimeshamtangulia. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikiwa bado nimepiga magoti, macho chini, nikasema kwa Kiteso changu cha kuokoteza kwamba nitasema ni Perpetua, mke wa Etyang, wa boma la Ekirapa, na kwamba nimeshakataa mara nyingi kuandika vinginevyo. Nilisikia moto ukilia jikoni. "Eeh," akasema Mzee. Akanyonya mrija kwa muda mrefu. "Basi leta karatasi."

Aliitamka barua ile neno kwa neno na Etyang akaiandika juu ya paja lake, kwa Kiswahili, kwa maana Mzee alisema Kiingereza kimeshaharibu maneno vya kutosha siku hiyo. Nakala ninayo mbele yangu. Inasema: "Sisi wa boma la Ekirapa tunawapa bibi yetu Perpetua kwa kazi, si kwa kuoa. Ako na bwana. Mkimwita, mwiteni na jina ya bwana yake. Akigonjeka mtuambie. Akikosa msimgombanishe mbele ya watu, tuandikieni sisi. Wakati wa kuvuna wimbi mpeni ruhusa arudi." Kisha Mzee akapaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba na kukibandika, na wale wazee sita, ambao hakuna aliyewaomba, wakasema haiwezekani mambo makubwa hivi yashuhudiwe na kidole kimoja. Wakapanga foleni.

Nairobi tuliketi wanawake arobaini kwenye ukumbi wa hoteli kubwa, zulia likinimeza visigino. Wote walikuwa Miss. Nilikuwa na pete yangu na nilijiona nimekuja na kengele kidoleni. Walituita kumi kumi. Mbele palikuwa na meza ya wasaili watatu: bwana mmoja wa Kenya, mama mmoja Mzungu aliyekaa wima bila kugusa kiti, na mzee wa Kiarabu mwenye ndevu nyeupe ambaye wengine wawili walimtazama kabla ya kusema lolote. Walikuwa wamepanga viti kwa safu na njia nyembamba katikati, na kuwaketisha watu kama abiria. Kila mmoja wetu alipewa birika la chai apite akihudumia. Msichana wa kwanza alipofika safu ya tatu, yule bwana wa Kenya, aliyekuwa amejiketisha hapo, alinyoosha mguu kukata njia na kujifanya amelala. Msichana akauruka kwa ustadi. Wa pili akauruka. Wa tatu akajikwaa na chai ikaenda zake. Nilipofika mimi nikasimama. Haikunijia hata kidogo kwamba mguu wa mtu unaweza kurukwa. Nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee, naomba njia," nikangoja. Akafumbua jicho moja. Nikangoja. Akavuta mguu, nikapita. Kwenye safu ya mwisho, kwa mazoea, nilimpigia abiria goti moja nikimimina, nikashtuka na kuinuka, na nikamwona yule mzee wa Kiarabu ameweka kalamu chini.

Kisha wakaniita mezani. Mama Mzungu alifungua karatasi zangu, akafika kwenye barua, akaigeuza, akaigeuza tena. "Hivi vidole ni vya kina nani?" akauliza kwa Kiingereza. Nikamwambia cha kwanza ni cha mkuu wa jamaa na vilivyobaki ni vya mashahidi. "Tulitaka ya mume wako." "Mume wangu si mkuu wa jamaa, mama. Mkuu ni baba yake." Bwana wa Kenya akafunika mdomo. Yule mzee akaomba nimsomee, nami nikaitafsiri yote, sentensi baada ya sentensi, mpaka pale pa wimbi. Alipouliza wimbi ni nini nikamweleza. Akasema kwamba baba yake, angalikuwa hai, angaliandika barua ileile, isipokuwa angalisema tende. Akaniuliza kwa nini sikuandika tu Miss kama wenzangu. Nikamjibu kwamba ninakaa mpakani na nimechoka kuona watu wenye majina mawili. Alitabasamu, akaandika kitu juu ya barua, akanipa ruhusa kutoka.

Matokeo yalisomwa alasiri ileile. Yule mama alisimama mlangoni na orodha. Miss huyu, Miss yule, Miss fulani, majina manane, na kila aliyeitwa alipiga kelele. Akavaa miwani vizuri. "Na Mrs. Etyang." Ukumbi mzima uligeuka kutafuta huyo ni nani. Nikainuka. Nakumbuka sikupiga kelele hata kidogo. Niliinuka tu, nikiwa mrefu zaidi ya kile kidole kimoja nilichopita kwenye futi ya Bi Rukia, na machozi yakanitoka bila aibu.

Tulitoka nje tisa, jua likiwa kali. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama wanaume watano, kila mmoja amejitenga na mwenzake, mmoja akitazama viatu vya dukani, mwingine akisoma gazeti ambalo hakuwa amelifungua. Nikaona wenzangu watano wakiwatazama, kisha wakiangalia pembeni haraka, kwa sababu mama Mzungu alikuwa bado mlangoni. Etyang alikuwa wa sita, karibu na nguzo ya taa, na shati lake lililopigwa pasi usiku wa safari. Nikainua mkono wenye pete. Hakungoja hata magari yapite. Alivuka barabara ile mbio, honi zikimlilia kila upande, akiita kwa sauti ya kuita lori kizuizini, "Bibi yangu! Bibi yangu!" na wale wanaume watano wakabaki upande wao wakimtazama.